Sukari Isiyotaka Kulainika

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Bi Matone anastaafu mwisho wa mwezi. Miaka thelathini amedondosha matone yake kwenye sukari ya kiwanda hiki, sasa magoti yamegoma. Mkurugenzi ametutangazia asubuhi, mbele ya mashine ya kufunga maboksi. Nafasi ya Mpishi wa Sukari iko wazi. Nilitaka kuruka juu. Nikakohoa badala yake, kikohozi cha mtu mwenye majonzi.

Nafasi hiyo ni yangu. Ya nani mwingine? Mwaka wa kumi na moja huu natunza Chumba cha Kusubiri. Kila chokoleti yenye moyo laini inayotoka hapa hulala kwangu siku kumi na nne, gizani, kwenye ubaridi. Inaingia na moyo mgumu, inatoka na moyo unaotiririka. Watu wanasema eti ni kazi ya Bi Matone na chupa yake ya kahawia. Upuuzi mtupu. Kitu kinaingia kwangu kigumu, kinatoka kwangu laini. Nani kakilainisha? Mwenye ufunguo!

Kisha Mkurugenzi akasoma majina ya wanaoshindania. Mawili. La kwanza langu, bila shaka. La pili la Shemeji.

Shemeji! Mdogo wa mke wangu! Muosha masufuria! Mimi mwenyewe ndiye niliyemwombea kazi hapa miaka mitatu iliyopita, na shukrani yake ndiyo hii. Anakaa kwangu, chumba cha nyuma. Anatumia mkono wa shoto, na mezani hukaa kulia kwangu, kwa hiyo kila jioni kiwiko chake cha kushoto hugonga kiwiko changu cha kulia. Miaka mitatu sijamaliza bakuli la supu bila kuivaa.

Utaratibu: keshokutwa kila mmoja atapika trei moja ya chokoleti arobaini. Zitalala siku kumi na nne. Jumatano ya tarehe kumi na tisa Mkurugenzi atang'ata. Atakayekuwa na moyo laini zaidi ndiye mpishi.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Akasema na ashinde anayejua kazi. Nikamwambia hilo ndilo nililokuwa nasema. Akatazama dari kwa muda.

Jumanne, 4 Machi

Tumepewa somo na Bi Matone. Miwani yake imefungwa kwa uzi, na huyo ndiye mtaalamu wetu.

Anasema sukari ya kawaida, ukiitazama kwa udogo wake wa mwisho kabisa, kila molekuli ni vipande viwili vilivyoshikana mikono. Kimoja kinaitwa glukosi, kingine fruktosi. Vikiwa vimeshikana hujipanga mstari, vikaganda, vikawa punje. Ndani ya ile chupa mna kimeng'enya. Kazi yake ni kuingia katikati ya hao wawili na kuwaachanisha. Wakishaachana hawawezi tena kujipanga vizuri, na moyo wa chokoleti unayeyuka wenyewe humo ndani, bila mtu kuufungua. Na kimeng'enya chenyewe hakipungui wala hakichoki. Kikimaliza kuachanisha hawa, kinahamia kwa wengine.

Nikaandika kwenye daftari: kama mama mkwe.

Shemeji akauliza kwa nini inachukua majuma mawili. Swali la kujipendekeza! Bi Matone akafurahi utadhani kaletewa zawadi. Akasema ndani ya moyo wa chokoleti maji ni machache, kila kitu kinajisogeza kwa shida, kwa hiyo kazi inakwenda polepole. Shemeji akayaandika yote kwa shoto lake, huku kiganja kikifuta wino nyuma yake. Ukurasa mzima umechafuka. Huyo ndiye mpinzani wangu.

Halafu yakaja ya kuchekesha. Sukari inachemshwa, inamwagwa kwenye meza ya marumaru, inakorogwa kwa mwiko mpaka inakuwa nyeupe na laini, kisha inapashwa kidogo. Kabla ya kutia matone, Bi Matone anaweka kifundo cha mkono, upande wa ndani, ubavuni mwa sufuria, na kuhesabu mpaka kumi. Akilazimika kuuondoa kabla ya kumi, hatii. Anasubiri. Anasema kimeng'enya hakitaki moto. Ukikitia kwenye sukari ya moto kinakufa, unabaki na jina lake tu kwenye chupa.

Nikauliza kama kiwanda hiki hakina kipimajoto. Akajibu kipo, kinaning'inia ukutani pale, na yeye ameshakisahihisha mara mbili kwa mkono wake. Wote wakacheka. Sijui walikuwa wanamcheka nani.

Mwisho, konokono. Ndivyo wanavyokiita kile kijizungushio cha juu. Ukishachovya moyo kwenye chokoleti ya uvuguvugu, unagusa juu kwa ncha ya kidole na kuzungusha mara moja, kinabaki kijimviringo. Bi Matone anasema kila mkono una konokono wake. Nikamwambia mikono yangu naiosha. Miaka kumi na moja nimeziona chokoleti hizi na sijawahi kuona haja ya pambo hilo. Ni ushamba wa watu wenye muda mwingi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepika!

Shemeji alianza saa mbili asubuhi. Akachemsha, akamwaga, akakoroga mpaka pua ikatoka jasho. Akapasha. Akaweka mkono kwenye sufuria. Alipofika nne akauondoa. Akasubiri. Akaweka tena. Saba. Akasubiri. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta napiga miayo ya makusudi. Mara ya tatu akafika kumi, akadondosha matone sita, moja moja, anapumua katikati.

Mimi sina muda huo. Moto huharakisha kila kitu duniani. Maharage hulainika kwa moto. Nguo hukauka kwa moto. Hata watu wa ofisini, ukiwawashia moto, wanatembea. Kwa nini kimeng'enya peke yake kidekezwe? Bi Matone alipotoka kwenda kupokea simu, niliipasha sukari yangu mpaka ikapiga mapovu. Nikatia matone thelathini. Yakalia chwiii. Nimechukulia kuwa ni furaha.

Hesabu haidanganyi. Matone sita, siku kumi na nne. Matone thelathini, siku tatu hivi. Ongeza na moto, siku mbili. Ijumaa mioyo yangu itakuwa inatiririka kama bomba lililokatika. Nani alisoma shule hapa?

Konokono arobaini nimewapiga kwa robo saa. Shemeji alimaliza saa nzima baadaye, shoto mbele, ulimi nje.

Trei zote mbili zikaingia chumbani kwangu. Karatasi ya nta juu, na kwenye kila trei lebo yenye jina imefungwa kwa uzi. Mkurugenzi akatoa onyo kali: mtu yeyote asifungue karatasi mpaka siku ya kung'ata. Kisha akanikabidhi ufunguo. Mimi! Mshindani! Ndio uongozi tulio nao.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefungua. Sikuvunja amri. Amri inasema mtu asifungue, na mimi siyo mtu tu pale, mimi ni sehemu ya chumba.

Nikala moja yangu. Ngumu. Chaki. Nikashtuka kidogo. Nikala moja ya Shemeji. Ngumu vilevile! Nikatulia. Yake imeshindwa, yangu inajikusanya nguvu. Ni vitu viwili tofauti.

Jioni nikamwambia mke wangu ampigie mama yake kumwarifu kuwa mambo yameiva. Akasema hakuna kilichotangazwa. Nikasema arifu tu. Akapiga. Niliposogea karibu nikamsikia mama mkwe akicheka kwenye simu, akacheka sana, mpaka akapaliwa. Furaha ya mzazi haifichiki.

Nimepita pia kwa fundi seremala, nimeagiza kibao cha mlangoni: MPISHI MKUU WA SUKARI. Fundi akauliza kama hilo neno Mkuu limo kwenye cheo. Nikamwambia limo kwenye mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua tena. Yangu: chaki. Ya Shemeji: imeanza! Pembeni bado punje, katikati krimu. Nimekaa juu ya boksi tupu dakika kumi bila kufikiri chochote.

Nikamwendea Bi Matone kwa mbali. Nikamwambia kuna jamaa yangu mmoja, yuko kiwanda kingine, mbali sana, alitia matone kwenye sukari iliyokuwa imechangamka kidogo. Akaniangalia juu ya miwani. Akauliza, imechangamka au inachemka? Nikasema jamaa hakufafanua. Akasema basi jamaa yako amekiua. Umbo lake limefumuka, na ndilo lililokuwa linafanya kazi. Akasema ni kama ute wa yai: ukishaiva, hata ukiuweka kwenye barafu haurudi kuwa mbichi. Nikauliza kama kuna namna ya kukizindua. Akasema nimpe jamaa pole.

Kukiua! Kitu hakina mdomo, hakina miguu, hakijawahi hata kuugua, kinakufaje? Watu wanazeeka vibaya. Kimelala tu. Kila mvivu hulala. Kuanzia leo natikisa trei yangu asubuhi na jioni kukiamsha. Nimekisemesha pia, kwa ukali.

Jumanne, 11 Machi

Nimetikisa. Nikala mbili kupima. Chaki na chaki. Jino la nyuma linauma.

Mke wangu kaniuliza kwa nini siku hizi sili chakula cha jioni. Nikasema ni mawazo ya uongozi. Shemeji akaniwekea kikombe cha chai pembeni bila kuambiwa. Kisha akanigonga kiwiko, ikanimwagikia. Amefanya makusudi, wote wawili wamefanya makusudi, yeye na kiwiko chake.

Alhamisi, 13 Machi

Leo niling'ata chokoleti ya Shemeji na moyo ukatoka wote kwa mkupuo. Ukapita kidevuni, ukaingia kwenye kola. Laini! Hata punje moja hakuna. Nilifumba macho. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: sijawahi kuonja kitu kizuri hivyo katika miaka yangu yote ya chumba kile. Nikala mbili zaidi, ili kuhakikisha kwamba nimekasirika.

Na nimekasirika. Muosha masufuria! Mtu aliyejifunza kwa kuhesabu mpaka kumi!

Kisha nikafikiri vizuri. Hizi chokoleti zimelainikia wapi? Chumbani kwangu. Nani alifunga mlango joto lisiingie? Mimi. Nani alizitembelea? Mimi. Shemeji alikaa nazo saa tatu, mimi nimekaa nazo siku nane. Kwa haki kabisa hizi ni zangu, isipokuwa kwenye lebo.

Lebo ni karatasi na uzi. Kufungua, kubadilisha, kufunga: dakika moja na nusu. Jina langu sasa liko kwenye mioyo inayotiririka, jina lake liko kwenye chaki. Nilizitazama trei zote mbili kwa makini sana kabla ya kufunika. Hakuna tofauti hata chembe. Chokoleti arobaini kasoro hapa, chokoleti arobaini kasoro pale, kila moja na pambo lake la kijinga juu. Hata malaika angekosa cha kushika.

Kazi safi. Ninashangaa kwa nini watu husumbuka na kemia.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji amenipigia pasi shati la siku ya Jumatano. Sikumwomba. Akaniletea mkononi, akasema, Shemeji, kazi ikienda kwako au kwangu, mimi sitasahau nani alinitoa kijiweni akanileta kiwandani. Akasema akipata yeye, angependa mimi nibaki na chumba changu, maana hakuna anayekijua kama mimi.

Nikasikia kitu tumboni. Kimekaa muda. Nikakumbuka nimekula chokoleti nyingi wiki hii, nikanywa maji.

Huyu anajiamini mno. Anapanga chumba changu kabla ya kupewa chake! Dharau hiyo nimeiweka akiba.

Kibao kimekwisha. Kizuri sana. Fundi ameweka na ua pembeni. Nimekificha chini ya kitanda. Mke wangu amekiona wakati anafagia, amekisoma, amekirudisha palepale. Nimeoa mwanamke anayejua kunyamaza kwa sauti.

Jumanne, 18 Machi

Kesho! Nimefanya mazoezi ya uso mbele ya kioo cha bafuni. Uso wa kushangaa. Uso wa unyenyekevu. Uso wa kumwonea huruma Shemeji, huo umenisumbua, unatoka kama wa mtu mwenye kichomi.

Nimeonja moja ya mwisho kutoka trei yangu mpya. Bado ni tamu ajabu. Nimejipongeza.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia kwenye meza.

Meza ilitandikwa kitambaa cheupe. Mkurugenzi kaketi katikati, Bi Matone kulia kwake, wanawake wote wa chumba cha kuchovya wamesimama nyuma na makoti meupe. Mke wangu alikuja, na kumbe alikuwa amemleta mama mkwe. Mimi nimevaa shati lililopigwa pasi. Shemeji alikuwa anauma kucha za mkono wa shoto.

Mkurugenzi akaanza na trei yenye jina la Shemeji. Akaweka mdomoni, akang'ata. Kah! Sauti ile ilisikika mpaka kwa mashine ya maboksi. Akashika shavu. Akatema kwenye leso, na ndani ya leso mlikuwa na kipande cha chaki yangu na kile alichozibia jino mwaka jana. Nikatoa uso wa huruma. Kichomi kilekile, lakini ulifaa.

Shemeji akawa mweupe. Alitazama trei, akamtazama Bi Matone, akatazama mikono yake. Machozi yakamtoka hivihivi, bila sauti. Mimi nikatazama kitambaa cha meza.

Kisha trei yenye jina langu. Mkurugenzi akang'ata kwa upande mzima wa mdomo, kwa woga. Moyo ukamwagika. Akafumba macho kama nilivyofumba mimi. Akasema hii ndiyo bora tangu aingie kiwandani. Akaninyooshea mkono. Nikatoa uso wa unyenyekevu. Mama mkwe akapiga kigelegele kifupi cha mashaka.

Nilikuwa nimeshaanza hotuba. Nimefika kwenye nidhamu. Ndipo nikaona wanawake wa kuchovya hawanisikilizi. Wameinamia trei. Mmoja akamgusa mwenzake, mwenzake akamgusa mwingine, na wote wakamgeukia Shemeji. Bi Matone akavaa miwani yake ya uzi, akachukua chokoleti moja trei hii na moja trei ile, akaziweka mbele ya Mkurugenzi, kichwa kwa kichwa.

Mkurugenzi akatazama kwa muda mrefu. Akaagiza bakuli la chokoleti ya uvuguvugu na mioyo miwili mikavu. Akaniomba, kwa adabu kabisa, nimpigie konokono mmoja.

Nikamwambia hizo ni kazi za chini. Akaniomba tena. Nikachovya, nikazungusha. Konokono wangu akazunguka kulia.

Akamwomba Shemeji. Shemeji akafuta macho, akachovya, akazungusha kwa shoto. Konokono wake akazunguka kushoto.

Zikawekwa mezani chokoleti zote nne. Trei yenye jina langu, konokono thelathini na tatu, ukiacha yule aliyeng'atwa, wote wanakwenda kushoto. Kiwanda kizima, miaka mitatu tangu Shemeji aanze kuwasaidia kuchovya akimaliza masufuria yake, mkono mmoja tu ndio unaozungusha hivyo, na kila mtu anaujua. Kila mtu! Anayefagia anaujua! Wanawake wale huzijua chokoleti za wenzao kwa kutupia jicho tu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia. Naam, Bi Matone alisema kila mkono una konokono wake, lakini hakusema kwa sauti ya mtu anayetoa habari.

Mkurugenzi akauliza pia thelathini na nne zimetokana vipi na arobaini. Nikasema panya. Akauliza ni panya gani anayefunika karatasi ya nta akimaliza kula.

Kazi imekwenda kwa Shemeji. Mimi nilitakiwa nifukuzwe palepale. Shemeji ndiye aliyenisemea. Alisimama mbele ya watu wote, akasema nina familia, na yeye mwenyewe ni sehemu ya familia hiyo. Mkurugenzi, leso shavuni, akasema basi nitachukua nafasi aliyoiacha wazi. Masufuria. Ufunguo nikaurudisha mbele ya kadamnasi.

Njiani kurudi mama mkwe alicheka tena. Sasa najua ni kicheko gani.

Nyumbani mke wangu alikaa kitandani akanitazama. Akasema angeelewa kama ningeitaka ile kazi. Lakini kwa miaka kumi na moja sikuwahi kukaa hata dakika tano nimtazame Bi Matone anavyoifanya. Akasema nilichotaka mimi ni mdogo wake asiipate. Akavuta kile kibao chini ya kitanda, akakiweka mapajani mwangu, akatoka.

Niliona haya. Nimeandika. Niliona haya kweli, kuanzia saa kumi mpaka karibu saa kumi na moja.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefikiri upya na haya zimeisha. Kosa halikuwa langu. Mpango ulikuwa kamili. Kilichoniangusha ni shoto la mtu mwingine. Mtu timamu angezungusha kulia kama binadamu wenzake, na leo hii ningekuwa na ofisi.

Siku ya kwanza ya masufuria. Masufuria kumi na tisa. Sukari iliyoganda pembeni haitoki, inang'ang'ania kama mpangaji asiyelipa. Bi Matone kapita, kaniambia niyaloweke kwanza, nisubiri, yataachia yenyewe. Kusubiri! Nimesubiri miaka kumi na moja!

Shemeji kapita na koti jeupe jipya. Kanisalimia kwa heshima ileile. Nikamjibu kwa kugonga mifuniko.

Jumatatu, 24 Machi

Mwandiko huu mbaya si ulevi. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa hivi, Ijumaa. Masufuria yaligoma kutakata, nikaamua kuyamaliza kisomi. Nikajaza karo maji kutoka kwenye birika kubwa, yakitoa moshi. Shemeji akapita. Akasimama, akaweka kifundo cha mkono ubavuni mwa karo. Hakufika hata mbili. Akasema, Shemeji, tafadhali, subiri yapoe, yatakuunguza. Mbele ya wafagiaji! Kunihesabia mimi! Nikamjibu kuwa moto huharakisha kila kitu, nikazamisha mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Nakiri uliharakisha.

Mkono umefungwa bandeji mpaka begani. Daktari anasema majuma matatu. Shemeji ndiye aliyenikimbiza, akiwa na koti lake jeupe, akanishika mkono mzima njia nzima akinisemesha nisizimie. Jioni ile alinikatia chakula vipande vidogo. Tukala. Nikachukua kijiko kwa kushoto, naye kwa kushoto, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu viwiko havikugongana. Nimemaliza supu yote. Mke wangu alitutazama, akacheka mpaka akaweka kijiko chini, na Shemeji akacheka naye. Hata mimi mdomo ulinicheza kidogo.

Kisha nikaona. Nikaona wazi kabisa, nikashangaa sikuona mapema. Mimi sasa natumia shoto!

Mkurugenzi anasema mwezi wa nane watatafuta mpishi msaidizi. Trei, lebo, siku kumi na nne, utaratibu uleule. Leo nimekaa kwenye karo mchana kutwa, bandeji nimeinua juu, kidole cha kushoto kwenye povu la sabuni. Konokono wa kwanza alitoka kama mdudu aliyekanyagwa. Kufikia saa tisa nimepiga kumi na wawili, na wote wanazunguka kushoto, huwezi kuwatofautisha na wake. Shemeji kawaona, akanisifu, akasema nikiwa tayari atanifundisha na matone. Nikamshukuru, nikamwambia matone nayajua.

Nimeuliza lebo mpya zinahifadhiwa wapi.